Mnyama Ni wa Mwenye Mshale

Njia ya damu ilianzia kwenye lami mbele ya gereji ya Arvid Haugen, ikapenya pengo la ua wa miti, ikaishia chini ya mlango wa gereji ya jirani. Jumatatu theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, kisha baridi ikarudi. Sasa, Jumatano mchana, ule mburuzo mpana ulikuwa umeganda na kung'aa kama kioo cha rangi ya waridi. Mpelelezi Keziah Jeptoo aliufuata kwa miguu, akipita pembeni ili asiukanyage.

"Kitu kizito," Sajenti Lundeen alisema nyuma yake, "na kilikuwa kinavuja."

"Kulungu anavuja."

"Mtu pia anavuja."

Haugen alikuwa fundi mstaafu wa lifti, mjane, mkazi wa mtaa huu wa Inver Grove Heights tangu barabara yake ikiwa ya vumbi. Binti yake aliishi mbali, katika jimbo la Oregon. Alikuwa amepiga simu nyumbani kwa baba yake mara nyingi bila kujibiwa, na asubuhi hiyo akawaomba polisi wapite wamwangalie. Askari wa doria alimkuta mzee amelala sakafuni jikoni, amekufa na kupoa, ana jeraha juu ya sikio. Taa ya barazani ilikuwa inawaka mchana kweupe.

Askari huyo alivuka kwenda kwa jirani, mkimbizi kutoka Kongo ya mashariki, jina lake Ildephonse. Alimuuliza ni lini alimwona Haugen kwa mara ya mwisho. Ildephonse akajibu kwamba hajamwona tangu mwezi uliopita. Wakati akijibu, askari aliona damu iliyoganda chini ya mlango wa gereji. Mlango ulipofunguliwa, kulungu dume alikuwa amening'inia kwenye boriti, hajachunwa, na juu ya debe kando yake kulikuwa na kisu chenye damu. Kwenye mpini zilichongwa herufi A.H.

Lundeen alihesabu hayo yote kwa vidole vya glavu. Uongo. Damu. Kisu cha marehemu.

"Na vikombe viwili mezani," alimalizia. "Mzee alikuwa na mgeni. Naenda kwa daktari wa maiti, halafu narudi na gari kumchukua huyu bwana. Wewe unakijua Kiswahili. Ongea naye hadi nirudi."

"Kiswahili chake si changu."

"Kinakaribiana kuliko changu," alisema Lundeen, akaingia garini.

Jeptoo alirudi kwanza jikoni kwa Haugen. Mafundi wa maabara walikuwa wanafunga masanduku yao. Kwenye pembe ya kaunta walikuwa wameweka alama ya njano, pale walipokuta unywele mmoja wa mvi. Meza ilikuwa imetandikwa gazeti la Jumapili, kurasa za vibonzo zikiwa juu. Visu vitatu vilikuwa vimepangwa kwa urefu, na nafasi ya cha nne ilikuwa wazi. Kando yake kulikuwa na bunda la karatasi ya kufungia nyama. Aproni mbili zilining'inia kwenye viti viwili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ina madoa. Ya pili ilikuwa na maua madogo ya buluu, na mistari ya pasi bado imesimama.

Aliinama juu ya vikombe bila kuvigusa. Kimoja kilikuwa na duara jeusi la kahawa iliyokauka. Kingine alikimulika kwa tochi. Ndani kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka dukani.

Aliandika maneno machache, akavuka ua.

Emérance, mke wa Ildephonse, ndiye aliyefungua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye shali ya sufi mabegani. Alipomsikia mgeni akimsalimia kwa Kiswahili alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Aliuliza kama mama polisi anaruhusiwa kunywa chai au kazi inamkataza. Jeptoo akasema kazi haijawahi kumkataza chai.

"Munasema Swahili kama munagombana, ninyi Wakenya," Emérance alisema, akaenda jikoni.

Ildephonse alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, kovu jembamba kwenye kidole gumba. Nyuma yake, kwenye mlango wa chumba cha kulala, suti ya kijivu ilining'inia ndani ya mfuko wa nailoni. Jeptoo aliiangalia muda mrefu kidogo, na Emérance, akirudi na birika, akamweleza bila kuulizwa. Ilikuwa suti ya kiapo. Wiki ijayo mumewe angeapishwa kuwa raia. Walikuwa wameingoja siku hiyo tangu kambini, na jambo lolote la polisi, hata la usiku mmoja, lingeisimamisha. Labda lingeifuta kabisa.

Jeptoo alimweleza Ildephonse haki zake polepole, moja baada ya nyingine. Halazimiki kujibu. Anaweza kumwita wakili. Akimaliza kila moja alingoja mpaka aitikie kwa kichwa. Kisha akasema, "Baba Heri, askari wa asubuhi ulimwambia uongo."

Alimwita hivyo kwa sababu Emérance alikuwa amelitaja jina la mtoto wao mkubwa, aliyekuwa akisoma mbali. Ildephonse aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli, mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kule kazini banasema, mutu asiye na permis, ile ruhusa ya kuwinda, akigusa nyama ya pori, banamufukuza mu inchi. Niliona tu uniforme. Nikasema simuoni tangu mwezi uliopita."

"Kazi yako ni gani?"

"Nyama. Ninakata nyama, mu usine, kiwandani." Alionyesha kovu la kidole. "Ngombe, nguruwe. Miaka ine sasa."

Jeptoo akaliandika hilo, akalipigia mstari.

Alimwambia aanze mwanzo. Maelezo yalikuja taratibu, mengine kwa Kifaransa, na Emérance alijaza pale mumewe alipokwama. Walikuwa wameishi ubavuni mwa Haugen kwa miaka mitatu na salamu yao ilikuwa mkono unaoinuliwa juu ya ua. Yule mzee hakuwa mbaya. Alikuwa kimya tu, na wao pia, kwa Kiingereza chao, walikuwa kimya. Jumamosi alasiri mlango uligongwa. Hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango huo isipokuwa watu wa kanisa lao na walioleta mizigo. Haugen alikuwa amesimama nje amevaa koti la rangi ya machungwa, na upinde mkononi. Alieleza kwa maneno machache na vidole vingi kwamba amempiga kulungu kwenye bonde la mto, na hawezi kumpandisha peke yake.

"Upinde," Ildephonse alisema, na uso wake ukalegea kidogo. "Nilijua bazungu bote ni bunduki. Huyu, upinde. Kama baba yangu."

Walishuka bondeni. Haugen alimpasua mnyama palepale, akatoa matumbo, akampa Ildephonse kisu akibebe kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Walimlaza kulungu kwenye sleji ya plastiki ya watoto, ya kuburuza juu ya theluji. Ildephonse alivuta. Haugen alitakiwa kusukuma, lakini njiani alikaa juu ya gogo mara nyingi.

"Alikaa namna gani?"

Ildephonse aliweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, akainamisha kichwa. "Hivi. Nikamuuliza, docteur? Akacheka. Akasema ni uzee."

"Mkono alikuwa ameuweka hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Walipofika, Haugen alieleza kwamba boriti ya gereji yake imejaa mashine ya mlango, tena inapigwa na jua la kusini. Ya Ildephonse ilikuwa upande wa kivuli. Basi walimburuta mnyama kupita kwenye pengo la ua, wakamtundika. Haugen alisema kesho watamkata, na kwamba ataacha taa ya barazani ikiwaka. Kisha akampa mkono, akaenda kwake.

"Na kesho yake?"

"Hakukuja."

"Jumatatu?"

"Hakukuja. Taa ilikuwa inawaka. Kila siku niliangalia, asubuhi, jioni. Nikasema, yuko. Mwenye nyumba yuko, anapumzika."

"Hukwenda kumgongea?"

Emérance aliweka kikombe chake chini.

"Nilimuambia," alisema. "Nilimuambia, enda uone ule muzee. Akasema, niende kuombaomba?"

"Si hivyo," Ildephonse alisema.

"Ni vile vile ulisema."

Alimtazama mkewe, kisha akamgeukia Jeptoo na kueleza. Kwao, kwa baba yake na babu yake, mnyama ni wa mwenye mshale. Aliyebeba ana fungu lake, shingo na mbavu za upande mmoja, lakini halitaji. Kisu cha kwanza ni cha mwindaji. Mpaka afike na kukata, hakuna mtu anayegusa. Na aliyebeba hagongi mlango wa mwindaji.

"Ukigonga, ni kama unasema, nipe. Ni haya, mama. Mutu anangoja."

Jeptoo alifunga daftari lake. "Nionyeshe gereji," alisema.

Gereji ilikuwa na baridi kuliko nje. Kulungu alining'inia kwa miguu ya nyuma, kichwa kikielekea sakafu, na kwenye pembe moja palikuwa na kibandiko cha leseni ya kuwinda chenye jina la Haugen, kimefungwa kwa uzi na hakijaguswa. Jeptoo alikizunguka kile kiwiliwili mara moja. Hakuna hata ukanda mmoja wa ngozi uliokuwa umechunwa. Chini yake kulikuwa na karai la maji ya pinki yaliyoganda juu. Akamulika ndani ya kifua.

Kilikuwa kimejaa barafu. Mifuko miwili ya nailoni ilikuwa imenyauka, maji yake yameisha. Mingine miwili ilikuwa imejaa bado. Mifuko mitupu zaidi ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye rafu.

"Hii ni nini?"

"Jumatatu ilikuwa na joto," Ildephonse alisema. "Nyama ingeharibika. Nilinunua kwa pale petroli, asubuhi mbele ya kazi. Tena jioni kisha kazi. Jana vile vile."

"Na kisu? Mbona hukukiosha?"

"Ni chake. Atakiosha mwenyewe." Alisita. "Angekiosha."

Katika kona kulikuwa na friza ndefu nyeupe. Jeptoo aliomba ruhusa, akainua mfuniko. Ndani kulikuwa na mifuko ya samaki na majani ya muhogo kwenye pembe moja. Sehemu kubwa ilikuwa tupu, na chini imetandikwa karatasi safi.

Alitoka nje, akampigia simu askari wa doria. Alimwomba aende kwenye kituo cha mafuta cha kona, aangalie kamera za Jumatatu na Jumanne, asubuhi na jioni. Wakati anangoja alikaa ndani ya gari lake na kula mkate aliokuwa ameufunga alfajiri. Simu yake haikuwa na ujumbe wowote. Upande wa pili wa ua, taa ya barazani ya Haugen ilikuwa inaanza kuonekana, maana mwanga wa Novemba ulikuwa unaondoka mapema.

Askari alipiga. Alikuwa amemwona. Mwanamume mwenye mabega mapana, nguo za kiwandani, mifuko miwili ya barafu kila mara.

Jeptoo akampigia Lundeen.

"Usije na gari," alisema.

"Nipe sababu."

"Anakata nyama kiwandani. Huyu kulungu angemmaliza kwa saa moja, na friza anayo, tupu, ameitandika. Mtu anayejua mwenye nyama amekufa anaikata aifiche, au anaitupa. Huyu amemwekea mnyama barafu asubuhi na jioni, kwa pesa yake, na hajakata hata kipande. Kibandiko cha Haugen bado kipo kwenye pembe. Alikuwa anamtunzia mtu aliyemdhania yu hai."

Sauti za korido zilisikika nyuma ya Lundeen. "Na uongo wa asubuhi?"

"Alidhani kusaidia kubeba ni kosa la kufukuzwa nchini. Hakuna aliyemwambia vingine."

"Vikombe viwili."

"Cha pili hakijawahi kumiminiwa kitu. Aproni ya pili haijavaliwa. Hakukuwa na mgeni, Sajenti. Kulikuwa na mtu aliyemtandikia mgeni."

Lundeen alipumua puani. Kisha akasoma alichoambiwa na daktari. Moyo. Mshipa mkubwa ulikuwa umeziba, huenda ulianza kugoma siku ya kuburuza. Jeraha la kichwani lilikuwa la pembe ya kaunta, na halikutoa damu nyingi kwa sababu moyo ulikuwa umesimama tayari. Hapakuwa na alama ya kisu. Kwa makadirio yake, Jumapili kabla ya saa sita mchana.

"Ghafla?" Jeptoo aliuliza.

"Ghafla. Anasema hata mtu angekuwa amesimama kando yake, asingeweza kitu. Kwa nini?"

"Nitaulizwa," alisema Jeptoo.

Aliingia tena ndani ya nyumba bila kuvua koti. Aliwaambia kwamba hakuna gari litakalokuja. Kumsaidia jirani kubeba mnyama wake si kosa, na taarifa yake ingesema hivyo waziwazi. Kuhusu uongo, Ildephonse angeandika maelezo mapya na kutia sahihi, na wakili anayesaidia watu wa kanisa lao asome kabla. Suti ibaki pale ilipo. Emérance alifunika uso kwa ncha ya shali, mabega yakatikisika, kisha akainuka kwenda kupasha chai ambayo haikuwa imepoa.

Ildephonse hakusogea.

"Alikufa siku gani?"

"Jumapili. Asubuhi."

"Jumapili nilikuwa hapa. Hatukuenda kanisani, kwa ajili ya theluji." Aligeuza kiganja chake juu, akakitazama. "Nilikaa pale dirishani."

"Daktari anasema moyo ulisimama mara moja. Usingeweza kumwokoa, hata ungekuwa jikoni kwake."

"Sikuuliza ile, mama."

Aligeukia dirisha, upande wa taa ya barazani.

"Alikuwa ananingoja?"

Mezani kwa Haugen kulikuwa na gazeti la Jumapili, visu vilivyopangwa, na karatasi ya kufungia. Kulikuwa na aproni iliyopigwa pasi, ambayo bila shaka ilikuwa ya marehemu mkewe, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kumpa mgeni. Jeptoo alimweleza yote hayo kwa mpangilio, kama ushahidi unavyoelezwa, na mwisho akamweleza habari ya kikombe kisichomiminiwa kitu.

"Ndiyo," alisema. "Taa ilikuwa yako. Kwao huku, mtu akisema ataacha taa ikiwaka, anamaanisha njoo."

Kisha Ildephonse akauliza kama inaruhusiwa kufika pale. Si ndani. Mlangoni tu.

Mafundi walikuwa wameondoka. Jeptoo alifikiri, akasema inaruhusiwa, akiwa pamoja naye.

Ildephonse alivua jaketi lake la kazi, lililokuwa na doa la damu kwenye mkono. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta kitu cha kuvaa. Emérance alikuwa amekwisha kwenda mlangoni mwa chumba. Alishusha mfuko wa nailoni, akatoa koti la kijivu la kiapo, akamvika, akamfungia kifungo kimoja.

"Usilichafue," alimwambia.

Hakupita kwenye pengo la ua. Alizunguka kwa barabara, Jeptoo nyuma yake, akapanda njia ya mbele kama mtu aliyealikwa. Theluji ililia chini ya viatu. Kwenye nyumba za jirani madirisha yalikuwa yamewaka, mtu mmoja mmoja akipita nyuma ya mapazia, na hakuna aliyechungulia. Taa ya barazani ya Haugen iliwaangukia wote wawili mabegani.

Ildephonse alipangusa viatu kwenye zulia. Akanyoosha koti. Akagonga.

Kisha akarudi nyuma kidogo, kama mgeni afanyavyo, ili mwenye nyumba akifungua amwone vizuri, akangoja.

Jeptoo alikuwa na ufunguo mfukoni. Hakuutoa. Alisimama kando yake, naye akangoja.